Mtetemo wa kibodi unakula batri kweli, ama mdogo wangu ananidanganya?

MamaKabine_Birere (Goma)

Bandugu, jambo. Naomba mnisaidie kumaliza ugomvi wa nyumbani.

Nina kabine ya kutuma na kutoa pesa hapa Birere, si mbali na Petite Barrière. Tangu benki zifunge milango Goma mwezi wa kwanza 2025, kabine ndiyo imekuwa benki ya watu. Mshahara, karo ya watoto, pesa ya dawa, vyote vinapita kwenye simu. Siku ikiwa nzuri nahudumia wateja mia na hamsini hivi. Kazi yote naifanya na Android moja ya kugusa, laini mbili ndani, batri ya 5000 mAh kama boksi lilivyoandikwa. Ina kama miaka mitatu sasa.

Shida ni hii: saa nane za mchana tayari iko asilimia ishirini. Jirani mwenye sola anachaji kwa franka 500, na simu ikiwa kwake mimi nabaki natazamana na wateja.

Mdogo wangu, anayesoma informatiki, akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, akazima mtetemo wote. Nasema ule mshtuko mdogo unaousikia kidoleni kila unapogusa namba. Eti ndio unaomaliza batri: “Yaya, dada yangu, kuna mota ndani, kila ukigusa inazunguka.”

Sasa nisikilizeni. Pale ninapokaa motari wa pikipiki wanapiga honi toka asubuhi, kuna mwenye spika anauza dawa ya panya, kuna malori. Sauti ya kibodi siisikii hata kidogo. Jua likipiga ekrani namba zinapotea. Mtetemo ndio ulikuwa unaniambia sufuri imeingia, na sufuri moja ikizidi ni mtaji wangu unaondoka! Tangu auzime, nabonyeza, natazama, nafuta, narudia. Juzi mteja kaniuliza, mama, leo umelala wapi?

Lakini na mtetemo wenyewe kwenye simu hii si mtamu. Unachelewa. Nikienda haraka, namba ya pili nimeshagusa ndipo kidole kinasikia ya kwanza. Simu ya dada yangu, ya bei kali, inafanya “tk” palepale na imekwisha.

Kwa hiyo: unakula batri kiasi gani? Nataka hesabu, sitaki “unaweza kula”. Na kwa nini wa kwangu unachelewa?

---

Kadogo_Himbi (Goma)

Zima tu, mama. Hata walioitengeneza Android wanajua. Ilipokuja Android 5 mwaka 2014 na hali ya kuokoa batri, maelezo yake yenyewe yalisema inapunguza mtetemo. Kama haukuwa unakula, wangeugusa wa nini?

Na weka ekrani nyeusi, ile mandhari ya giza. Itakuongezea masaa.

---

Mzee_wa_Ndosho (Goma)

Mimi niliuzima mwaka 2021 baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, na sababu haikuwa batri. Mnakumbuka siku zile ardhi ilivyokuwa inatikisika usiku na mchana. Simu ikitetemeka juu ya meza, mama wa nyumbani na watoto wote wako nje, wengine bila viatu. Hadi leo sijaurudisha.

---

Papa_Nyawera (Bukavu)

Sisi wa iPhone tuliletewa mtetemo wa kibodi na iOS 16, mwaka 2022. Na Apple wenyewe wameandika kwenye ukurasa wao wa msaada kwamba ukiuwasha, unaweza kugusa muda wa batri. Wao ndio wenye simu, mama, hawana faida ya kuisema vibaya. Mdogo wako yuko sawa.

---

FundiBisibisi (Goma, soko la Virunga)

Mama Kabine, pole na kazi. Mdogo wako ana haki kwenye jambo moja: mota ipo. Hesabu yake ndiyo sijaiona.

Nianze na mota, kwa sababu kuchelewa na kula vyote vinatoka hapo. Ukifungua simu nyingi za bei ya chini na ya kati, pembeni mwa ubao, mara nyingi upande wa spika ya chini, unakuta kiduara cha chuma kimebandikwa kwa gundi. Upana milimita 8 au 10, unene kama tatu. Kinapata umeme kwa nyuzi mbili, ama kwa vispringi viwili vinavyogusa ubao. Moja iliyokufa nimeipasua, naiweka mezani kwa vijana wanaojifunza kwangu. Ndani mna sumaku ya pete, koili, brashi mbili nyembamba ambazo ukipumua vibaya zinapotea, na kipande cha chuma kizito cha nusu mwezi kilichokaa upande mmoja tu wa mhimili. Hakuna kingine. Mota ikizunguka, uzito uko upande mmoja, kwa hiyo kila mzunguko unaivuta simu huku na kule. Chukudu, lile baiskeli letu la mbao la kubebea mizigo, likiwa na gurudumu lililopinda linafanya vilevile likishuka barabara.

Sasa, uzito uliosimama haukurupuki. Mota hii inataka milisekunde thelathini, hamsini, saa nyingine zaidi, mpaka ifike mwendo wa kusikika kidoleni. Na ukiikatia umeme inaendelea kuzunguka kidogo kabla ya kutulia. Wewe una mkono wa kabine, unapiga namba tatu wakati mwingine anatafuta moja. Ndiyo maana mitetemo inapandiana na unasikia ya jana leo. Huo si ubovu wa simu yako, ni aina ya mota.

Simu ya dada yako ina nyingine, haizunguki kabisa. Ni sumaku nzito juu ya springi, na koili inaisukuma na kuivuta kwa mwendo ule springi yenyewe inaoupenda, mara mia na hamsini hadi mia mbili na kitu kwa sekunde. Inaanza haraka na kusimama haraka, ndiyo “tk” yako. Apple waliitia kwenye iPhone 6s mwaka 2015, wakaiita Taptic Engine. iPhone 7 iliyofuata, 2016, kile kitufe cha duara cha chini hakishuki hata kidogo. Simu ikiwa imezimwa, bonyeza uone: ni kama unabonyeza meza. Watu waliniletea nikitengeneze wakidhani kimekufa.

Sasa batri, maana umetaka hesabu.

Mota ya duara ikiwa inazunguka inakunywa karibu miliampea 80. Tuseme kila mguso inawashwa milisekunde 30. Mteja mmoja: namba ya simu tarakimu kumi, kiasi, namba ya siri, na kuchagua-chagua kwenye menyu, weka miguso thelathini. Wateja mia na hamsini, miguso 4500. Ukizidisha vyote kisha ukageuza kuwa saa, unapata 3 mAh kwa siku nzima. Tatu, kwenye batri ya 5000.

Najua mtu atasema mota ikianza kuzunguka inavuta zaidi ya ikiwa imeshika mwendo. Kweli. Basi tuzidishe mara mbili, iwe 6. Bado ni kama sehemu moja kati ya mia nane za batri yako. Ekrani peke yake inakula miliampea 200 bila kujitahidi, maana yake mtetemo wako wote wa siku, toka unafungua mwavuli mpaka unafunga, ni chini ya dakika mbili za ekrani kuwaka. Ukifuta namba na kurudia kwa wateja kumi tu, dakika hizo zimeshaenda. Kuzima mtetemo kumekuongezea matumizi.

Na si karatasi tu. Mezani nina pawa saplai yenye namba za ampea, natoa batri naiunga simu hapo. Ekrani ikiwa na mwanga wa katikati simu ya aina yako inachezea 250 hadi 300. Ukipandisha mwanga mpaka mwisho, inapanda mia na zaidi. Ukiifanya itetemeke bila kukatika, inaongeza 70, 80. Ukigusa kibodi, tarakimu ya mwisho inacheza kidogo, mita haipati hata muda wa kuionesha.

Kadogo wa Himbi: hali ya kuokoa batri inapunguza mtetemo, ndiyo, lakini inapunguza pia kasi ya simu na kazi za nyuma, zote kwa pamoja. Mtu anaona batri inakaa, anampa sifa yule anayemsikia, na mtetemo ndio pekee unaosikika kidoleni. Na mandhari ya giza inasaidia kwenye ekrani za OLED, ambako doa jeusi limezimika kweli. Simu nyingi zinazofika mezani kwangu ni LCD, taa ya nyuma inawaka ileile hata ukiweka nyeusi kama usiku wa Nyamulagira bila lava. Masaa hayo hayaji.

Papa Nyawera: Apple wameandika “inaweza”. Kiasi hawakuandika. Mama ametukataza neno hilo toka mwanzo.

---

Mdogo_Mwenyewe (Goma)

Yaya, umenianika mtandaoni sasa.

Fundi, heshima kwako, lakini nina swali. Nilipozima mtetemo, siku ya kwanza batri ilifika saa kumi. Nililitazama mwenyewe. Utaniambia ni bahati?

---

MamaKabine_Birere (Goma)

Ilikuwa Jumapili! Wateja walikuwa kanisani!

Na siku hiyohiyo ulinitoa kwenye magrupu ya WhatsApp, la familia, la ushirika, la kwaya, bila kuniuliza. Shangazi bado amekasirika. Anadhani nimemkimbia mchango.

---

FundiBisibisi (Goma, soko la Virunga)

Kijana, vitu vitatu vimebadilika siku moja, mtetemo, magrupu na wateja, ukakipa tuzo kimoja. Kwenye shule yenu ya informatiki wanaruhusu hilo?

Ila umenikumbusha jambo. Mtetemo wa kugusa na mtetemo wa mesaji ni vitu viwili, ingawa mota ni moja. Wa kugusa unakuja wakati ekrani imeshawaka na simu imeshaamka, kwa hiyo gharama yake ni mota tu. Wa mesaji ya grupu unakuja simu ikiwa imelala. Inaamka, inazungumza na antena, inashusha picha ya mtoto wa mtu amepata komunio, inawasha ekrani, halafu ndipo inatetemeka. Mota hapo ni ya mwisho kwenye mstari. Kwa hiyo kuzima magrupu kulisaidia kweli. Mrudishe yaya wako kwenye la familia, muwekee ukimya tu, na uzuie ekrani isiwake kwa kila taarifa.

Kuita nako: simu inayoita kwa sauti na mtetemo pamoja, ikiwa iko mbele yako mezani, mtetemo ni wa nini? Acha sauti, au kama kelele ni nyingi acha mtetemo. Faida yenyewe ni ndogo, sitakudanganya, ila meza ya mbao inaipigisha simu kelele na polepole inalegeza gundi ya mota. Nimeshapokea simu kadhaa zinazolalamika “spika imepasuka” na kumbe ni mota imebanduka inagongagonga ndani.

---

Binti_Kamalondo (Lubumbashi)

Naingia kwa upande mwingine. Baba yangu haoni. Anatumia Android na TalkBack: anapitisha kidole juu ya ekrani, simu inamsomea kilicho chini ya kidole, na kila anapoingia kwenye kitufe kipya inampa mtetemo mfupi. Sokoni au ndani ya basi sauti haisikiki, basi anahesabu mitetemo. Juu kushoto, moja, mbili, tatu, anajua amefika kwenye kitufe cha kupiga.

Kuna fundi mmoja huku kwetu alimzimia akisema “nimekuwekea batri, mzee”. Baba akaishi wiki hiyo akiwapigia watu asiowakusudia, hadi nilipofika nyumbani nikaona. Mafundi, muwe mnauliza kwanza mtu anaitumiaje simu yake.

---

Mzee_wa_Ndosho (Goma)

Binti, hilo sikulijua. Msalimie mzee.

---

MamaKabine_Birere (Goma)

Fundi, aksanti sana. Nimesoma hesabu yako kwa sauti nyumbani, mtu mmoja hapa amekwenda kuchota maji bila kutumwa.

Sasa kama si mtetemo, nani anaila? Sichezi michezo, siangalii video, sina nafasi hiyo.

---

FundiBisibisi (Goma, soko la Virunga)

Umeshatuambia mwenyewe, mama, hukujua tu kwamba umesema. “Jua likipiga ekrani.” Nakisia mwanga wako uko mwisho toka asubuhi, ama uko kwenye otomatiki na jua la Goma linaupandisha lenyewe. Huyo ndiye wa kwanza. Parasoli ya kabine inamkinga mteja, wewe uko pembeni, si ndiyo? Geuza kiti, jua liwe mbele yako na ekrani ilipe jua mgongo, au kata kartoni ya sabuni uitengenezee simu kibanda chake juu ya meza. Wauza kabine wa Majengo wanafanya hivyo, si aibu. Ukiweza kushusha mwanga hadi nusu umeokoa kwa saa moja kuliko mtetemo unavyokula kwa wiki nyingi.

Wa pili ni mtandao. Uko karibu na mpaka. Antena za Gisenyi ziko palepale, na simu ikiachiwa ichague inaweza kunasa mtandao wa Rwanda, ikapoteza, ikarudi wa kwetu, ikatafuta tena. Una laini mbili, basi kazi hiyo inafanywa mara mbili. Na simu ikiwa inaisikia antena kwa mbali inapandisha nguvu ya kutuma. Ingia kwenye mipangilio ya laini, toa otomatiki, chagua mtandao wako kwa mkono, kwa laini zote mbili. Laini ambayo haina wateja mchana izime. Kama huduma yako ni ile ya kupiga nyota na alama ya reli, data unaweza kuifunga na kuifungua pale mteja anapotaka umtumie picha ya mesaji.

Mtetemo urudishe. Kwenye Gboard, ile kibodi ya Google, ukiingia mipangilio yake, sehemu ya mapendeleo, kuna swichi ya mtetemo wa kila herufi na chini yake mstari wa nguvu unaovutwa, unahesabu kwa milisekunde hadi 100. Kwa mota yako ukiweka 10 hutasikia kitu, haijaanza hata kuzunguka. Ukiweka 100 utasikia ukungu mtupu. Anza na 30, panda kidogokidogo ukiwa unapiga namba kwa mwendo wako wa kazi, wala usipime ukiwa umetulia nyumbani. Kuchelewa hakutaisha, ila kutapungua.

Wa tatu ni batri yenyewe. Miaka mitatu, inachajiwa kila siku na saa nyingine mara mbili. Batri za lithiamu za simu nyingi baada ya mizunguko kama 500 zinabaki na asilimia 80 hivi, na joto linaharakisha. Ile 5000 ya boksi haipo tena, mama. Niambie: kifuniko cha nyuma kimekaa sawa? Iweke simu juu ya kioo au meza iliyonyooka, uizungushe kwa kidole.

---

Papa_Nyawera (Bukavu)

Fundi, nimezima otomatiki ya mwanga nikakaa nayo siku nzima. Sawa. Mtetemo nimeuacha. Sisemi zaidi.

---

Kadogo_Himbi (Goma)

Nimetazama simu yangu, ni LCD. Miaka yote hii nasoma kwenye giza bure.

---

MamaKabine_Birere (Goma)

Nimerudi. Mtetemo umerudi, nimeuweka 40. Kidole kimepata uhai. Sufuri zangu nazihesabu bila kutazama, mteja ananiambia kiasi mimi namtazama usoni, hata wale wanaojifanya wamesahau wamesema ngapi sasa nawaona.

Kartoni nayo nimekata. Inasomeka “sabuni ya unga” upande wa wateja, watu wawili wameshaniuliza bei. Mwanga nimeushusha chini ya nusu. Mtandao nimeuchagua kwa mkono, na kweli laini moja ilikuwa inaniletea mesaji za kunikaribisha Rwanda kila asubuhi, nilidhani ni adabu tu za jirani. Sasa naifika saa kumi na asilimia thelathini na kitu. Kwa mwenye sola sijaenda tangu Jumanne.

Lakini fundi, umenitia hofu na lile la mwisho. Nimeiweka juu ya kioo cha kabati. Inazunguka. Na kifuniko cha nyuma, upande wa kitufe cha sauti, kimeinuka, ukucha unaingia. Nilifikiri ni kwa sababu ilianguka.

---

FundiBisibisi (Goma, soko la Virunga)

Basi nisikilize vizuri, hapa sina mzaha. Batri imevimba. Usikibonyeze kifuniko kirudi, usiifunge kwa mpira wala skochi, usiichome na kitu kutafuta hewa itoke. Mtu akikwambia anaitoboa “ipumue”, mkimbie, inaweza kuwaka mikononi. Usiichaji tena, na usiiweke kwenye godoro wala chini ya mto. Izime sasa, na kesho asubuhi kabla ya kufungua kabine uilete.

Na usininunulie batri njiani kunifurahisha. Kuna zinazouzwa zimeandikwa 6000, 7000, na ndani ni ndogo kuliko iliyokufa. Ninazipima kwa mzani wa jikoni: ukubwa uleule, uwezo unaodaiwa zaidi, halafu nyepesi kuliko ya zamani? Haiwezekani. Ya kweli ya 5000 kwa simu yako ninayo, bei tutaongea, wewe ni mtu wa mjini.

Nikiifungua nitaitazama na mota. Kama batri imeusukuma ubao, huenda mota nayo haikai sawa, na sehemu ya ule uzembe unaousikia inatoka hapo. Sikuahidi “tk” ya dada yako. Kuweka mota ya aina ile kwenye ubao usioijua ni kazi bure, umeme wake ni tofauti, inataka saketi yake.

---

Mdogo_Mwenyewe (Goma)

Nitaileta mimi, yaya anafungua kabine saa moja. Fundi, na ile pawa saplai yenye namba za ampea, inauzwa bei gani Goma?

---

FundiBisibisi (Goma, soko la Virunga)

Njoo tuongelee hapa mezani. Majirani zangu wote wanasoma mtandao huu.

---

MamaKabine_Birere (Goma)

Fundi, akikuomba kazi, mpe. Akikuomba mipangilio ya simu yangu, mkatalie.